Ufuo Haukaliwi Matanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uchungu wa Mafuta Kumwagika Baharini

Maswali haya nimeulizwa kwa miaka mingi: kwenye banda la kupimia samaki, kwenye mikutano ya BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo), misibani, na kwa simu za usiku kutoka kwa jamaa walio ng'ambo. Nimezaliwa Mombasa upande wa bara, karibu na hori la Port Reitz, ambako mwaka 2005 meli ya mafuta ilivuja mafuta ghafi na mikoko yetu ikavaa weusi. Mimi si daktari. Nimesomea ushauri nasaha, na kazi yangu ni kukaa na watu wanaoishi kwa bahari.

Kila jibu linajitosheleza, kwa hiyo soma lile linalokuhusu. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine nimetaja namba ya swali. Kama unawaza kujidhuru, anza na swali la 11 sasa hivi.

## Mwanzo

1. Je, ni kawaida kulilia bahari kama mtu aliyefiwa?

Ndiyo. Na aliyekuambia "hayo ni maji tu" hakukulia ulikokulia wewe.

Mtu akifa, Pwani inajua la kufanya. Mkeka hutandikwa, kahawa hupikwa, majirani huja, na hata asiye na neno la kusema hukaa tu na kukaa kwake kukawa pole. Ufuo ukifa hakuna anayetandika mkeka. Hakuna anayebisha hodi. Kila mmoja anauchukua msiba wake chumbani na kufunga mlango, halafu anaanza kujiuliza kama akili yake iko sawa. Nimeona wanaume wazima wakigeuza uso ukutani wakizungumzia mchu mmoja tu, aina ya mkoko, uliokuwa karibu na bandari yao, ambao walikuwa wakifungia mtumbwi tangu utotoni.

Akili yako iko sawa. Unaomboleza, ila hujapata watu wa kuomboleza nawe. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye jambo hilo.

2. Huzuni hii ina jina?

Mwanafalsafa wa Australia, Glenn Albrecht, aliipa jina mwanzoni mwa miaka ya 2000 baada ya kuwasikiliza watu wa bonde la Hunter, ambako machimbo ya makaa ya mawe yalikuwa yakila mashamba yao. Aliiita solastaljia: kutamani nyumbani ilhali hujatoka nyumbani. Kwetu neno lipo tayari, nalo ni ukiwa. Mlango ni uleule, kitanda ni kilekile, ila mahali penyewe pamekuhama.

Wala si hisia ya watu wachache wenye moyo mwepesi. Meli ya mafuta ya Exxon Valdez iligonga mwamba Alaska, Marekani, tarehe 24 Machi 1989, mafuta yakamwagika. Yapata mwaka mmoja baadaye watafiti waliwahoji watu wa jamii 13 za huko. Walioguswa zaidi na mafuta yale walikuwa na uwezekano mara 3.6 zaidi wa kuwa na ugonjwa wa wasiwasi kuliko wasioguswa, na mara 2.9 zaidi wa kuwa na ugonjwa unaofuata kiwewe. Wenyeji wa asili, ambao bahari kwao ni chakula na ni ukoo pia, walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi.

3. Mimi si mvuvi. Naogelea tu pale kila Jumapili. Nina haki ya kuumia?

Unayo. Mvuvi amepoteza riziki na wewe umepoteza kitu kingine. Huzuni haigawanywi kwa mizani. La muhimu ni adabu tu: ukiwa mbele ya mtu ambaye leo hana unga, msikilize yeye kwanza, na yako itafutie sikio jingine.

## Mafuta yakiwa njiani

4. Mafuta bado yako nje ya mwamba. Silali, napanda juu ya paa kuangalia bahari. Nifanye nini?

Kungoja huchosha kuliko hata tukio lenyewe. Watu wa kusini-mashariki mwa Mauritius wanalijua hili. Meli ya Wakashio iliparamia mwamba karibu na Pointe d'Esny tarehe 25 Julai 2020, ikakaa hapo mchana na usiku ikipigwa na mawimbi ya majira ya kusi, na mafuta hayakuanza kuvuja hadi tarehe 6 Agosti. Siku kumi na mbili watu wa Mahébourg waliamka wakiiona palepale. Mwishoni zilivuja takriban tani 1,000 za mafuta mazito.

Siku za kungoja zina kazi zake, na kazi hutuliza mwili kuliko maneno. Vuta dema na nyavu zako utie juu. Sogeza mtumbwi mbali na mstari wa maji ya bamvua. Uliza viongozi wa BMU nani ameteuliwa kupokea taarifa kutoka bandarini, ili usikimbilie kila uvumi.

Kisha maji yakipwa, shuka ufuoni na simu yako uupige picha jinsi ulivyo: mchanga, mizizi, kaa, kila kitu, pamoja na tarehe. Picha hizo zitakufaa kwenye fidia (swali la 14). Ila nina sababu nyingine ya kusema hivi. Wengi waliniambia wanajuta kwamba hawakushuka siku ya mwisho ulipokuwa safi, waliogopa kwamba kuutazama ni kukubali umekwenda. Shuka. Kanyaga maji. Ukitaka kuuambia neno, uambie.

Usiku, pangeni zamu ya kuangalia bahari, watu wawili wawili, na asiye zamu alale. Kukesha kwako peke yako juu ya paa hakuyazuii mafuta.

5. Kila nikifungua simu ni picha za ndege walioloa mafuta. Nizime?

Usizime kabisa, maana habari unazihitaji. Chagua nyakati mbili kwa siku, mathalani baada ya chai ya asubuhi na baada ya magharibi, na chanzo kimoja au viwili unavyoviamini. Kwingineko nyamazisha. Video ileile ya ndege yuleyule ukiitazama mara kumi haikuongezei habari yoyote, ila mwili unaihesabu kama ndege kumi. Na kabla hujaituma kwenye kundi la familia, kumbuka bibi yako yumo humo, na pengine hajashuka ufuoni tangu lini.

6. Hakuna mafuta yoyote yaliyomwagika kwetu, lakini nina hofu yatamwagika. Ni wazimu?

Si wazimu. Swali hili hunijia zaidi kutoka Tanga, kwa watu wa karibu na Chongoleani, ambako bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia kwenye matangi na gati la meli. Hofu inayotokana na kitu kilicho mbele ya macho ni taarifa, na taarifa hutafutiwa kazi. Uliza mpango wa dharura uko wapi, nani ameusoma, vizuizi vya kuelea vimehifadhiwa umbali gani, zoezi la mwisho lilifanyika lini. Uliza mkutanoni, mbele ya watu, na majibu yaandikwe.

Hofu ikikosa pa kwenda huzunguka kichwani. Ukishaiuliza kwa sauti na ukasikia watu watano nyuma yako wakisema "hata mimi nilitaka kuuliza hilo", inapungua uzito. Ikiwa haipungui, na umeanza kushindwa kula au kufanya kazi, soma swali la 10.

## Mafuta yakishafika

7. Niende kusafisha? Siwezi kukaa nikitazama tu.

Hamu hiyo ni njema na dunia nzima inayo. Mahébourg, Mauritius (swali la 4), watu walishona vizuizi vya kuelea kwa majani makavu ya miwa waliyoyajaza kwenye vitambaa, wengine wakatoa hata nywele zao zikatwe, ingawa serikali ilikuwa imewaambia waziachie mamlaka kazi hiyo. Korea Kusini, baada ya meli ya Hebei Spirit kumwaga mafuta pwani ya Taean Desemba 2007, watu zaidi ya milioni moja walikwenda kufuta mawe kwa matambara, jiwe kwa jiwe. Mikono ikipata kazi, kifua hupata nafasi.

Lakini mafuta ni sumu, na hapa sina mzaha. Harufu ile inayopasua kichwa ni mvuke unaoingia mapafuni. Wavuvi waliosafisha mafuta ya meli ya Prestige huko Galicia, Hispania, mwaka 2002, walionekana na matatizo ya kupumua miaka baadaye. Usiende bila glavu, buti na barakoa inayofaa kwa mvuke. Kitambaa cha kawaida hakizuii kitu. Upepo uwe mgongoni. Wajawazito, watoto na wenye pumu wasisogee. Ngozi ikiingia mafuta, isugue kwa mafuta ya kupikia kisha sabuni. Usitumie petroli wala mafuta ya taa. Na usiingie kwenye mikoko hata kama moyo unakuvuta: kila hatua inayashindilia mafuta ndani ya matope, kwenye ile mizizi midogo inayosimama kama penseli ambayo mchu hupumulia.

Kama huruhusiwi kusafisha, kazi hazijaisha. Wapo wanaohitaji kupikiwa, wapo watoto wanaohitaji mtu wa kuwatazama, na lipo daftari linalohitaji mtu mwenye mwandiko mzuri. Na uweke mwisho wa siku yako. Mtu anayesafisha kwa saa kumi na mbili mfululizo, siku tisa, mara nyingi anakimbia kitu, na kitu hicho kitamkuta siku ya kumi.

8. Nina hasira mpaka natetemeka. Nimegombana na kila mtu.

Hasira hii ina haki yake. Mauti ya mzee ni kazi ya Mungu, lakini meli iliyopanda mwamba ilikuwa na watu waliokuwa wakiiendesha, na tangi lililotoboka lilikuwa na mtu wa kulikagua. Msiba wenye mkosaji huwa mzito kuliko usio na mkosaji, kwa sababu moyo hauwezi kutulia kabla ya kujibiwa.

Shida ni kwamba mkosaji yuko mbali, na aliye karibu ni mkeo, ni kijana aliyechelewa kurudi, ni jirani. Hasira humwangukia aliye karibu. Kwa hiyo ipe anwani. Andika barua, hudhuria kikao, simama kwenye maandamano ya amani kama yale ya Port Louis, Mauritius, baada ya mafuta ya Wakashio (swali la 4), tarehe 29 Agosti 2020, ambapo makumi ya maelfu walijaza barabara. Na nyumbani sema mapema, kabla ya chai: "Leo nimeamka vibaya, si nyinyi." Maneno hayo matano yameokoa ndoa kadhaa ninazozijua.

9. Naambiwa ni kadari, nisubiri, nisilie. Je, kuumia ni kukosa imani?

Mtume Muhammad alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na Yesu alilia mbele ya kaburi la Lazaro. Hakuna aliyewaambia wamekosa imani. Subira ni kubeba. Mtu hawezi kubeba kitu anachoambiwa hakipo. Kama msikiti wako au kanisa lako linakupa pa kukaa na watu, shikilia hapo kwa mikono miwili. Kama kuna mtu anatumia neno "kadari" ili watu wasiulize nani alikuwa zamu usiku ule, hilo ni jambo jingine, na unaruhusiwa kuuliza.

## Mwili na akili

10. Nitajuaje kwamba huzuni imekuwa ugonjwa?

Majuma ya kwanza karibu kila mtu hulala vibaya, hushtuka, hukosa hamu ya kula. Hayo mwili unayafanya yenyewe. Angalia mambo mawili: muda, na kama bado unaweza kuishi siku yako. Ikiwa majuma mawili yamepita na karibu kila siku huna raha na chochote, hulali au unalala mchana kutwa, huwezi kazi, au moyo unakwenda mbio bila sababu, nenda kituo cha afya useme hivyohivyo. Usiseme "naumwa na tumbo" ukitarajia daktari akisie. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Angalia pia mnazi na muguka. Aliyekuwa akinywa Jumamosi sasa anaanza asubuhi, na anayetafuna muguka usiku kucha anasema bahari ndiyo inamnyima usingizi. Msimfokee, maana anajitibu kwa dawa aliyo nayo karibu. Mpeni nyingine: mtu wa kukaa naye, na safari ya kliniki mkiwa wawili.

11. Nimeanza kuona afadhali nisingekuwepo. Nifanye nini?

Mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno hayohayo. Ukiwa Kenya piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu. Mtoto au kijana apige 116, Kenya na Tanzania vilevile. Au nenda hospitali yoyote, usiende peke yako, na uache mtu mwingine akutunzie kamba, dawa za wadudu na chochote ulichokuwa ukikiwazia.

Wengine hunyamaza kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba.

Na wewe unayemhofia ndugu yako, muulize waziwazi: "Unawaza kujiua?" Swali halipandi wazo kichwani mwake. Linamfungulia mlango. Kule Taean, Korea Kusini (swali la 7), wakazi kadhaa walijiua katika majuma ya mwanzo wakingoja fidia, na ndiyo maana swali hili sitaki liulizwe kwa kuzungukazunguka.

## Nyumbani

12. Mume wangu ni mvuvi. Hasemi kitu. Anakaa uani anashona wavu ambao hauna pa kwenda.

Muache ashone. Ukae karibu.

Mwanamume aliyelelewa kwamba bahari ndiyo inayompa jina, ukimuuliza "unajisikiaje?" umemuuliza kwa lugha asiyoifahamu. Muulize mambo ya bahari. Muulize mahali pale palipokuwa na changu wakubwa panaitwaje, nani alimwonyesha, mwaka gani alivuta ile jarife iliyokatika kwa uzito. Mume wa mama mmoja hapa kwetu hakuzungumza kwa wiki tatu, kisha usiku mmoja akaanza kutaja majina ya miamba, mmoja baada ya mwingine, kuanzia mlango wa mwamba hadi ndani ya hori. Alipomaliza alikuwa akilia. Mkewe hakusema neno, alishika ncha ya pili ya wavu.

Na wewe je? Wake za wavuvi na mama karanga, wale wanaokaanga samaki na kuuza, huulizwa habari za waume zao tu. Karai lako nalo limepoa, wateja wako wanaogopa samaki hata wa kutoka mbali. Tafuta wenzako watatu mkutane bila wanaume. Ukiona dalili za swali la 10 kwa yeyote kati yenu, msingoje.

13. Watoto niwaambie nini?

Ukweli mfupi, unaolingana na umri. "Meli imevunjika, mafuta yameingia majini, watu wazima wanasafisha, hatuogelei mpaka tuambiwe." Usiahidi tarehe. Mtoto mdogo huuliza swali lilelile mara nyingi kwa sababu anapima kama jibu bado limesimama. Lijibu vilevile kila mara. Akianza kukojoa kitandani au kukataa shule, ni hofu hiyo, haitaki fimbo.

Mpe kazi ndogo ya kweli. Achore kaa anaowajua. Aandike majina ya samaki ambayo babu anayataja. Wakubwa, wa miaka kumi na tatu kwenda juu, watataka kujua nani wa kulaumiwa. Wajibu unachokijua, na uwachukue kwenye kikao.

## Fidia na kungoja kwake

14. Je, kuna fidia ya huzuni?

Kwa kawaida hapana. Mfuko wa kimataifa wa fidia ya mafuta ya meli za mafuta, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, hulipa gharama za kusafisha, mali iliyoharibika, kipato kilichopotea na urejeshaji wa mazingira unaoingia akilini. Uchungu haumo. Na kama meli si ya kubeba mafuta na yaliyomwagika ni ya injini yake tu, kama Wakashio (swali la 4) iliyokuwa meli ya mizigo, mfuko huo hauhusiki. Hapo kuna mkataba mwingine, ambao humdai mwenye meli na bima yake.

Nalisema mapema ili usije ukapima uchungu wako kwa hundi. Nimeona mtu akilipwa kidogo akasema, "Kwa hiyo mambo yangu yalikuwa madogo." Hapana. Hundi ilihesabu samaki.

Lakini samaki wahesabiwe. Anza siku ya kwanza: daftari la mauzo, jumbe za malipo kwenye simu, picha za swali la 4, majina ya wanunuzi. Mfuko unajua kwamba wavuvi wadogo hawana risiti, na hupokea ushahidi wa namna nyingine. Dai hufa usipolifikisha mahakamani au kulitambulisha kisheria ndani ya miaka 3 tangu upate hasara, kwa hiyo mtafute mwanasheria mapema, tena kwa kikundi.

15. Miaka inapita hatujalipwa, na sasa tunagombana sisi kwa sisi.

Hili ndilo jeraha la pili, na kwa macho yangu ndilo baya zaidi. Alaska, katika kesi ya Exxon Valdez (swali la 2), baraza la raia mahakamani liliamua mwaka 1994 kampuni ya Exxon ilipe dola bilioni 5 za adhabu. Rufaa zikafuatana hadi mwaka 2008, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaishia dola milioni 507.5. Wadai wengi walikuwa wameshakufa. Watafiti waliofuatilia Cordova, mji wa wavuvi huko Alaska, miaka yote hiyo waliona kwamba kesi yenyewe iliendelea kuwatesa watu.

Kugombana nako kuna sababu zake. Mmoja alikodishiwa mashua yake kusafisha, mwingine hakuitwa. Mmoja yuko kwenye orodha, nduguye hayumo. Dawa niliyoiona ikifaa ni ya kawaida kabisa: orodha ibandikwe ukutani mahali wote wanapita, kazi za kusafisha zigawanywe kwa zamu, na pesa zinazoingia zisomwe kwa sauti kila kikao. Siri ndiyo inayokula kijiji. Na usiyaahirishe maisha mpaka hukumu itoke. Binti aolewe, kijana aende chuo, mtumbwi utengenezwe.

## Maswali magumu

16. Nafanya kazi kwenye kampuni ya mafuta. Natazamwa kama adui, na mimi pia naulilia ufuo huo.

Kula mkate wa mafuta hakukunyimi haki ya kulia. Karibu kila nyumba ya Mombasa ina mtu bandarini, na mitumbwi yetu yenyewe ina injini. Usijitetee kwa kusema kwamba mafuta hayana madhara. Ukisema hivyo umepoteza watu wako wote kwa siku moja. Sema ulilo na uhakika nalo, sema pale ambapo kazi inakuzuia kusema, kisha njoo ukae nasi kama mwana wa hapa.

17. Niko Maskati, kwetu ni Lamu. Naona kwenye simu tu, najihisi msaliti.

Walio mbali huumia kwa namna ya pekee, kwa sababu ufuo walionao kichwani ni ule waliouacha, safi kabisa, na picha moja huuvunja. Usipige simu kuuliza "hali ikoje?" kila saa, walioko wamechoka kueleza. Piga uulize "leo mmekula nini?" Tuma pesa kwa kikundi, sio kwa mtu mmoja, ili usichochee ya swali la 15. Na watafute Waswahili wenzako mjini, mkae jioni moja muuzungumze ufuo huo kwa lugha yenu.

18. Sihisi chochote. Kila mtu analia, mimi mkavu.

Wengine hulia mwezi wa kwanza, wengine mwaka wa pili. Ganzi ni kinga ya mwili. Wapo pia waliopata kazi ya kusafisha, wakalipwa vizuri kuliko walivyowahi kulipwa, wakafurahi, kisha wakaona aibu. Mtu mwenye watoto akipata hela hufurahi. Hakuna dhambi hapo.

19. Wamesema ufuo umesafika miaka iliyopita. Kwa nini bado harufu ya dizeli inanipasua moyo?

Kwa sababu pua haisahau. Ikikujia, simama, kanyaga chini kwa nguvu, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona hapo ulipo. Mwili hurudi mahali ulipo.

Pia kwa sababu pengine uko sahihi. Alaska (swali la 2), miongo kadhaa baadaye, ukifukua kokoto za baadhi ya fukwe bado unakuta mafuta chini. Matope ya mikoko nayo huyashika kwa miaka. Kwa hiyo anayesema "pamesafika" na wewe unayesema "bado" mnaweza kuwa mnaongelea vina viwili tofauti. Kupanda mikoko husaidia moyo sana, na wenzetu wa Gazi, Kwale, wameonyesha kwamba inawezekana kwa mikono ya wanakijiji. Ila waulize kwanza watu wa misitu na watafiti wa bahari kama tope limekuwa salama. Miche ikifa yote mbele ya watoto walioipanda, umewafiwisha mara ya pili.

20. Je, tunaweza kuukalia ufuo matanga?

Mnaweza. Mwaka 1996 watu wa kijiji cha asili cha Eyak, pale Cordova, Alaska, walikaa duara wakazungumza kwa zamu, miaka saba baada ya mafuta ya Exxon Valdez (swali la 2). Mji huohuo uliwafunza watu wa kawaida kuwa wasikilizaji wa wenzao, na mafunzo hayo yakatumika tena Ghuba ya Meksiko baada ya mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon kulipuka mwaka 2010.

Sisi tulifanya hivi. Tulichagua siku ya maji mafu, bahari ikiwa imetulia. Mikeka ilitandikwa chini ya mkungu, juu kabisa ya mstari wa maji, mahali harufu haifiki. Kahawa chungu na tende. Dua fupi, na mchungaji akaomba kwa namna yake. Hakukuwa na mgeni rasmi wala kipaza sauti, na watu wa mashirika tuliwaomba waje siku nyingine. Kila aliyetaka alitaja kitu kimoja alichokipata kwenye ufuo ule: mahali alipofundishwa kuogelea, mahali mamake alipookota kombe, mahali alipomposea mkewe. Asiyetaka alikaa.

Tulidhani tutamaliza kwa saa moja. Jua lilipotua watu bado walikuwa wakifika, wamebeba mikeka yao.